Nilivyohamisha pikapu za gitaa langu ili kila kundi la nyuzi lipate mahali pake

Gitaa ninalopigia solo lina umbo la Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, ila ni nakala ya bei nafuu: pikapu tatu (vile vifaa vya sumaku na koili vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi) za koili moja moja, volyumu moja, toni mbili. Katika bendi yetu ya dansi hapa Dar es Salaam kazi yangu hasa huanza wimbo ukishaingia kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezesha ambapo magitaa ndiyo yanayoongoza. Hapo nakaa kwenye nyuzi tatu nyembamba, kuanzia freti ya tano kupanda, na mara kwa mara nashuka kwenye nyuzi nene kujibizana na besi.

Gitaa lile halikunipa vyote viwili. Nikichagua pikapu ya darajani, yaani karibu na pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa, nyuzi nene zinasikika safi, noti moja moja, lakini uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, unatoboa masikio. Nikihamia ya shingoni, uzi wa kwanza unanenepa na kuimba, ila wa tano na wa sita wanageuka mvumo mtupu. Sisi tuliokulia kwenye gitaa la Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga solo wa Morogoro, tunataka uzi wa kwanza uimbe, si ukwaruze. Kupunguza toni hakukusaidia, maana toni inapunguza kwa nyuzi zote sita kwa pamoja.

Nilichohitaji ni pikapu iliyo mbali na daraja kwa nyuzi nyembamba, na iliyo karibu na daraja kwa nyuzi nene. Ukitazama Stratocaster utaona imefanywa kinyume chake: tangu ilipotoka mwaka 1954 pikapu ya darajani imelazwa mshazari, upande wa nyuzi nyembamba ukiwa ndio ulio karibu zaidi na daraja. Besi la Fender la Precision nalo, lilipopewa pikapu ya vipande viwili mwaka 1957, kipande cha nyuzi nyembamba kiliwekwa upande wa daraja. Wanaopenda sauti inayong'ata wanafaidi. Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani, ndiye aliyeipata kinyume: alikuwa wa mkono wa kushoto, akaligeuza gitaa la mkono wa kulia na kupanga nyuzi upya, kwa hiyo mshazari nao ukageuka.

Kabla ya kushika patasi nilikaa na kikokotozi. Uzi ukipigwa, mawimbi hukimbia juu yake, na kasi yake hutegemea uzito wa uzi na ulivyokazwa. Kwenye gitaa lenye urefu wa milimita 648 kutoka darajani hadi kwenye nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kwenye ncha ya shingo), wimbi la uzi wa kwanza huenda kama mita 427 kwa sekunde. La uzi wa sita huenda kama mita 107 tu. Pikapu ikikaa mahali fulani, kuna masafa ya sauti (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, inayopimwa kwa Hezi) inayoyasikia vizuri kuliko mengine, na kilele cha kwanza unakipata ukigawanya kasi hiyo kwa umbali wa pikapu kutoka darajani uliozidishwa kwa nne. Pikapu iliyo milimita 41 kutoka darajani inampa uzi wa kwanza kilele kwenye Hezi 2,600 hivi, ndipo hasa sikio linapoumia. Uzi wa sita, kwa umbali uleule, kilele chake kiko kwenye Hezi 650.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba kubonyeza freti hakubadilishi hesabu hiyo, maana kasi ya wimbi ni ileile. Unaweza kujaribu mwenyewe kwenye gitaa lenye pikapu ya shingoni iliyokaa robo ya uzi, yaani milimita 162 kutoka darajani. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya tano na uupige: ile sauti ya kengele iliyo oktava mbili juu ya uzi mtupu inatoka dhaifu, kwa sababu pikapu imekaa pale pale ambapo sauti hiyo haitikisiki. Ukibonyeza freti ya 12, sauti hiyohiyo inakuwa ya pili kwenye uzi uliofupishwa, na bado imezimwa. Ndiyo maana pikapu ya shingoni, ukipiga kwenye freti za juu, inalia kama filimbi.

Kwa hiyo ili nyuzi zifanane kwa rangi ya sauti, umbali wa pikapu ungetakiwa ufuate kasi ya kila uzi, na uzi wa sita ungekuwa na robo ya umbali wa ule wa kwanza. Kiwandani hakuna anayekuuzia kitu kama hicho. Nikaamua kugawa nyuzi tatu kwa tatu.

Mpiga besi wetu alikuwa na besi kuukuu lililovunjika shingo, ndani yake pikapu ya mtindo wa Precision. Nilipomwomba akacheka. "Mdogo wangu, unataka kupiga besi kwenye gitaa?" Akanipa. Kila kipande kina vichwa vinne vya sumaku, na kwenye gitaa nyuzi zangu tatu zilipita kila mmoja katikati ya vichwa viwili, utadhani vilipimwa kwa ajili hiyo. Tena koili zile mbili zimepindwa kinyume na sumaku zake zimegeuziana, kwa hiyo ule mvumo wa Hezi 50 unaotoka kwenye taa na nyaya za ukumbini hujifuta wenyewe. Koili zangu za mwanzo zilikuwa zikivuma hata nikiwa nimetulia.

Kilichohitajika sasa ni njia ya kuvisogeza bila kuchimba mbao upya kila mara. Nilipofungua kava la plastiki nikakuta gitaa limeshachimbwa shimo moja pana kutoka darajani hadi shingoni, kama nakala nyingi za bei rahisi. Nikakata vipande viwili vya reli ya pazia ya alumini, nikavilaza kwenye kingo za shimo. Kila nusu ya pikapu niliifunga kwenye kijibao cha plaiwudi chenye skrubu zinazoteleza ndani ya reli na kukazwa popote. Alumini ilikuwa muhimu. Chuma kingeuvuta usumaku pembeni. Rula ya plastiki nikaigundisha kando ya reli, sifuri yake ikiwa kwenye daraja chini ya uzi wa kwanza. Fundi redio wa mtaani kwetu akanichomea nyaya mpaka kwenye volyumu ya kilo-omu 250, toni nikaiacha nje kabisa ili isinichanganye. Alilitazama lile gitaa lenye pazia akauliza kama na mapazia yenyewe yanakuja.

Majaribio nilifanya kwa sentensi ileile ya sebene, inayoanza uzi wa sita na kupanda mpaka wa kwanza, nikiirekodi kwa simu iliyowekwa mbele ya amplifaya. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akiyapa mafaili majina kwa herufi, mimi nikisikiliza bila kujua herufi ipi ni milimita ngapi.

Kuna mtego mmoja ambao kila atakayejaribu atakutana nao. Kadiri unavyoisogeza pikapu mbali na daraja, uzi unatikisika kwa upana zaidi juu yake, na sauti inakuwa kubwa. Sikio hupenda kilicho kikubwa. Kwa hiyo kila niliposogeza, nilishusha pikapu pia kwa bisibisi mpaka nguvu ya sauti irudi palepale, ndipo nikarekodi. Bila hivyo ningechagua shingoni kila mara na kudhani nimegundua kitu. Na nyuzi nene hazitaki sumaku karibu sana: uzi wa sita ukikaribiwa unaanza kuyumba, noti moja inasikika kama mbili zisizokubaliana.

Karibu na daraja, milimita tano zilisikika wazi hata kwa mpwa wangu asiyepiga kitu. Kupita milimita 100 nilikuwa nasogeza na kusogeza, tofauti ikawa ya kubahatisha.

Nilipoziachanisha sana nusu mbili, nyembamba kwenye 100 na nene kwenye 40, kila kundi peke yake lilipendeza. Lakini sentensi ikivuka kutoka uzi wa nne kwenda wa tatu, ikawa kana kwamba mtu mwingine amepokea gitaa katikati. Hesabu inaeleza: uzi wa nne kilele chake kilikuwa karibu Hezi 1,190, wa tatu 635. Nikarudi kwenye kikokotozi nikatafuta umbali unaolinganisha nyuzi hizo mbili za mpakani. Nene zikakaa milimita 50, nyembamba 68. Hapo vilele vyao vinakaribiana, 950 kwa 935 hivi, na mvuko hausikiki tena. Uzi wa kwanza umeshuka hadi Hezi 1,570, unaimba. Kisha nikalaza kila nusu mshazari kidogo, ncha ya uzi mwembamba ikielekea shingoni. Hilo niliamua kwa sikio tu.

Reli nimeshazitoa, nusu zimefungwa kwenye kibao kigumu, na pikapu ya shingoni ya zamani imerudi mahali pake kwa nyimbo za polepole. Kiongozi wa bendi ameshaacha kuniashiria nipunguze wakati wa sebene. Mpiga ridhimu anataka lake lifanywe vilevile, ila lake ni la umbo la Gibson lenye uzi wa milimita 628 hivi. Kwake nitaanzia 48 na 66, tukishapata besi jingine lililovunjika.