Kuusukia mlingoti wavu wa heksahedroni

Mlingoti nilioupima ufukweni Nungwi una urefu wa mita 9.6. Kipenyo chake ni sentimita 32 kitakoni na sentimita 16 kileleni, na fundi ameuchonga upungue taratibu kutoka chini hadi juu, bila ya mahali ambapo jicho linaweza kusema kuwa hapa ndipo ulipoanza kupungua. Nilitaka kujua utapinda kiasi gani tanga likijaa upepo wa kusi, na kwa ajili hiyo ilinibidi niugawe mlingoti mzima katika elementi, yaani vipande vidogo ambavyo kompyuta itavikokotoa kimoja kimoja, na ambavyo kwa pamoja huitwa wavu. Makala haya yanahusu ugawaji huo tu, kwa sababu nimegundua kwamba ndiyo sehemu ya kazi inayofundishwa kwa haraka kuliko zote, ilhali makosa yake hayarekebishiki baadaye.

Ingewezekana kuujaza mlingoti huo kwa tetrahedroni, yaani elementi za pembetatu nne, na programu ingefanya hivyo yenyewe kwa sekunde chache. Sikutaka. Tetrahedroni za vifundo vinne, yaani nukta za kwenye kona ambako elementi huungana, huwa ngumu kupita kiasi katika kupinda, na kupinda ndiko hasa ninakokuchunguza. Heksahedroni, yaani elementi yenye nyuso sita, kingo kumi na mbili na vifundo vinane, inaweza kupangwa kwa safu, hata kila elementi ikajulikana kwa namba tatu: ya ngapi kwa upana, ya ngapi kwa kina, ya ngapi kwa urefu. Wavu wa namna hiyo unaitwa wavu wenye mpangilio, na sharti lake ni moja lisilo na msamaha: kingo zinazoelekeana katika kitalu kimoja, yaani sehemu kubwa inayogawanywa kuwa elementi, lazima zigawanywe kwa idadi ile ile ya vipande.

Sharti hilo ndilo linalolifanya umbo lenye mchongoko kuwa na ugumu wa pekee. Wasusi wa Pemba wanaposhona kawa, ukili wao hubaki na upana ule ule tangu ukingoni hadi kileleni, na kinachopungua ni urefu wa kila mzunguko, kwa hiyo kilele cha kawa kinahitaji ukili kidogo kuliko ukingo wake. Wavu wenye mpangilio unakwenda kinyume: idadi ya macho katika kila mzunguko haibadiliki hata kidogo, na kinachopungua ni upana wa kila jicho. Nikigawa mzunguko wa mlingoti mara 16, kila elementi ya nje itakuwa na upana wa sentimita 6.3 kitakoni na sentimita 3.1 kileleni, nipende nisipende. Uhuru niliobakiwa nao ni katika mambo mawili: namna ya kulijaza duara la katikati, na namna ya kuzipanga tabaka kwa urefu.

Nianze na duara. Njia inayomjia mtu kwanza ni kulikata kama chungwa, vipande 16 vinavyokutana kwenye mhimili, yaani mstari wa katikati ya mlingoti. Lakini kipande kinachogusa mhimili hakina tena nyuso sita zilizo kamili, kwani uso wake mmoja umebanwa ukawa mstari, vifundo vyake vimelala viwili viwili mahali pamoja, na Jakobiani, ile hesabu inayopima kama elementi ina ujazo halali, inakuwa sifuri kwenye mstari huo. Programu nyingi huvumilia hali hiyo kwa kuwa hukokotoa katika nukta zilizo ndani ya elementi. Mimi siivumilii, kwa sababu katika mti unaopinda mkazo wa kukata huwa mkubwa zaidi karibu na mhimili, na hapo ndipo tungekuwa tumeweka elementi zetu mbovu kuliko zote.

Njia bora ni vitalu vitano: kimoja cha mraba katikati na vinne vinavyokizunguka hadi kwenye gome, yaani uso wa nje wa mlingoti. Kitalu cha kati nilikigawa nne kwa nne, na hapo hapo mzunguko wa nje ukawa umeamuliwa, kwani kila kitalu cha pembeni kinarithi migawanyo minne kutoka katika upande wa mraba. Kutoka mraba hadi gome niliweka elementi tatu. Kwa hiyo kila tabaka lina elementi 16 za kati na 48 za pembeni, jumla 64. Pembe za mraba nimezoea kuziweka kati ya asilimia 50 na 60 ya nusu kipenyo, na pande zake sizinyooshi kabisa bali naziinamisha nje kidogo, ili ile pembe ya digrii 90 ipanuke na pembe mbili za jirani zilizo kubwa zipungue.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilinichukua jioni nzima. Niliweka pembe za mraba sentimita 9.6 kutoka kwenye mhimili, yaani asilimia 60 ya nusu kipenyo cha kitako, kisha nikatumia mraba ule ule kileleni. Programu ikakataa na kutaja elementi zenye Jakobiani hasi. Nilidhani nimeorodhesha vifundo kwa mpangilio wa kinyume, kosa ambalo nalo huleta alama hiyo hiyo, nikavihesabu upya vyote. Ndipo nilipoona kwamba elementi mbovu zilikuwa juu tu, tena kwenye pembe nne tu. Kileleni nusu kipenyo ni sentimita 8. Pembe zangu zilikuwa zimetoka nje ya mlingoti kuanzia urefu wa mita 7.68. Kila kitu kilichomo ndani ya umbo lenye mchongoko lazima kipungue kwa uwiano ule ule wa gome lake, na mraba wa kati nao ni hivyo hivyo: kileleni unatakiwa uwe nusu ya ule wa kitakoni.

Kwa upande wa tabaka, niliamua kila elementi ya nje iwe na urefu mara tatu ya upana wake, uwiano unaotosha kwa mti mrefu unaopinda. Kama ningetumia urefu unaofaa kitakoni, ningepata tabaka 51 zilizo sawa, na za kileleni zingekuwa ndefu mara sita ya upana wao. Kama ningetumia urefu unaofaa kileleni, ningelipia tabaka 102. Kwa kuwa upana unapungua kadiri tunavyopanda, urefu wa tabaka nao upungue, kila moja likiwa fupi kwa takriban asilimia moja kuliko lililo chini yake, na hesabu hiyo inatoa tabaka 71, ambapo la mwisho ni karibu nusu ya la kwanza. Jumla ni elementi 4,544 na, zikiwa za vifundo vinane, vifundo 5,256. Nilitumia Gmsh, programu ya kutengenezea wavu, ambayo inakubali kuagizwa idadi ya migawanyo na uwiano wake kwa kila ukingo, kisha inajaza ndani kwa mbinu ya kuunganisha kingo zinazoelekeana, ambayo William Gordon na Charles Hall waliieleza mwaka 1973.

Liko jambo moja ambalo picha nzuri kwenye skrini hailionyeshi. Elementi za vifundo vinane zina kingo zilizonyooka, kwa hiyo duara langu si duara bali ni umbo la pande 16. Ujazo halisi wa mlingoti ni mita za ujazo 0.450, na wa wavu ni 0.439, pungufu ya takriban asilimia 2.5. Mtu anaweza kuridhika nayo. Lakini ukakamavu wa kupinda unategemea nguvu ya nne ya kipenyo, na upungufu wake ni asilimia 5. Mlingoti wa kwenye kompyuta ungepinda zaidi ya ule wa Nungwi kwa sababu ya umbo peke yake, kabla hatujazungumzia mbao. Kugawa mzunguko mara 32 kunaushusha upungufu huo hadi asilimia 1.3. Mimi nilichagua elementi za vifundo 20, ambazo kingo zake hufuata mviringo, na ambazo katika CalculiX, programu inayokokotoa kupinda kwenyewe, zinafaa zaidi kwa kupinda kuliko zile za vifundo vinane zikitumiwa kama zilivyo.

Nyuzi za mti nazo zinahitaji tahadhari. Safu za elementi zinafuata mchongoko wa gome, ilhali shoka la fundi linapopunguza unene hukata nyuzi na kuziacha ziishie pembeni. Kwa mlingoti huu tofauti ya pembe ni chini ya nusu digrii na nimeiacha. Kwa foromali, ule mti unaofungiwa tanga, ambayo ni nene katikati na nyembamba ncha zote mbili, nitaweka mwelekeo wa nyuzi peke yake, nitahakikisha tabaka mbili zinazokutana katikati zina urefu sawa, na ncha nitazikata zikiwa bado na kipenyo cha kuwekea elementi 64 zilizo hai.