Ngoma haianziwi katikati

Nimerudi kutoka Bahi saa tatu usiku, vumbi hadi kwenye kope. Leo nimekaa nyuma ya kamera kutwa nzima kwa mara ya kwanza, mimi niliyezoea kutazamwa: ngoma ya muheme mapajani, kanga kiunoni, watu wamejaa mbele yangu.

Tulikuwa tunashuti wanawake saba wakipiga muheme. Wapigaji wa kweli, si waigizaji. Nikasema "akshen", wakaanza, mbuzi akapita, nikapaza sauti, "Kati!" Nikawaomba waendelee pale pale tulipokatia. Bibi anayewaongoza akanitazama kama ninaumwa.

"Mwanangu, ngoma utaianziaje katikati? Na wewe umeipiga!"

Nilitamani ardhi inimeze. Ngozi yenyewe inaoteshwa moto kwanza ndipo itoe sauti, sembuse mikono ya mtu. Miaka yote hiyo jukwaani, halafu siku moja tu ya kuitwa dairekta nimeshasahau. Basi nikawaacha wapige mwanzo hadi mwisho, mara tatu, kamera ndiyo ikahangaika kuhama. Upepo ukatuharibia sauti ya mara ya kwanza, mpaka kijana wa maiki alipovua soksi yake akaivisha maiki. (Soksi ilikuwa safi, anasema yeye.)

Njiani nilikuwa namfikiria Ida Lupino, mwigizaji mzaliwa wa London aliyehamia Hollywood. Alikuwa akikataa nafasi asizozipenda, studio inamsimamisha kazi, naye muda huo akautumia kutazama waongozaji na wahariri wanavyofanya kazi. Mwaka 1949 mwongozaji wa filamu aliyokuwa akiitayarisha akapata mshtuko wa moyo, Ida akaichukua kazi akaimaliza, bila jina lake kuandikwa kama mwongozaji. Mimi jina langu limeandikwa kwenye skripti kwa herufi kubwa, na kazi nimefundishwa na bibi wa Bahi.

Maana jioni aliomba aone tulichopiga. Nikamwekea kwenye kile kiskrini cha kamera. Nilidhani atajitafuta, kama nifanyavyo mimi kila nikiona picha yangu. Wapi! Akainamisha kichwa, akasikiliza, akamnyooshea kidole wa tatu kutoka kushoto.

"Huyu anachelewa."

Kipande hicho nilikuwa nimeshakitazama mara nne, nikisifia mwanga. Nimekirudia sasa hivi hapa kitandani, sauti juu. Kweli, anachelewa.