Imeonekana na nani?

Saa 6 na nusu usiku. Mapacha wamelala, baba yao amelala, nami bado niko Jumanne saa 8 mchana, mlangoni mwa ofisi yetu ya watu wanne, mbele ya kijana aliyeshika karatasi yake kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha wenyewe.

Wiki hii mkuu wa idara kahamishwa, shemeji kaozesha binti yake kule Magu, Doto kang'oka jino la kwanza, na bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, limetoka baada ya kelele nyingi. Nilikusudia kuandika juu ya harusi. Siwezi. Kila nikianza, kijana yule anarudi.

Mnaonisoma siku zote mnaijua kozi yangu: uandishi, mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, wanafunzi 186 kwenye ukumbi mmoja. Asaimenti ya kwanza huwa ileile: eleza jinsi jambo fulani linavyofanyika, maneno 500, kwa Kiingereza. Wengi huandika juu ya kusajili laini ya simu au kupika wali. Huyu, mtoto wa Ukerewe, aliandika jinsi dagaa wanavyokaushwa.

Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea, lakini kisiwa nilikiona. Aliandika kwamba mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hulala, maana taa haiwavuti dagaa wakati anga lote linang'aa. Giza likirudi wavuvi wanatoka, na alfajiri akina mama wako ufukoni na ndoo zao. Aliandika jinsi dagaa wanavyotandazwa, wengine mchangani, wengine juu ya mawe, wengine kwenye chanja, na kwamba wingu moja la saa 9 linaweza kugeuza chakula cha watu kuwa chakula cha kuku. Halafu ikaja sentensi hii, naiweka kwa Kiswahili: "Niliona mama akichota dagaa, akawafumba kwenye ngumi karibu na sikio, akasikiliza. Wakilia kama majani makavu, tunakusanya. Wakinyamaza, tunangoja."

Nilichukua kalamu nyekundu nikaikata "niliona". Kwa Kiingereza "mimi" ni herufi moja, imesimama peke yake kama nguzo ya umeme, na kuikata ni mstari mmoja tu. Kwenye karatasi ile niliikata mara 9. Juu ya kila mstari nikaandika ule muundo wa "imeonekana kwamba". Pembeni ya mama na ngumi yake nikaandika neno moja na alama ya kuuliza: Chanzo? Nikampa 11 kati ya 20, nikachukua karatasi nyingine.

Jumanne akaja.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba. Karibu. Una shida gani?"

"Samahani Madamu, si shida. Nilitaka kuelewa tu. Hapa umeandika chanzo."

"Ndiyo. Jambo hili umelitoa kitabu gani?"

"Ni mama, Madamu."

"Mama ameliandika mahali?"

"Hapana Madamu. Mama hajasoma."

"Basi hapo huna chanzo. Na haya ya mimi, mimi, kwenye maandishi ya kitaaluma hatuyaandiki. Unasema imeonekana."

Akaitazama karatasi kwa muda. "Imeonekana na nani, Madamu?"

Nikamwambia, "Ndiyo sheria ya kozi. Ukurasa wa 2, kipengele cha 7. Kasome."

"Sawa Madamu. Asante."

Basi, hayo tu. Akaondoka, nikanywa chai yangu, na chai haikushuka.

Angeuliza kwa ujeuri ningelala vizuri. Aliuliza kama mtu anayeulizia daladala ya Nyegezi: alitaka kujua. Yeye aliona, kwa macho yake, pengine tangu ana miaka mitano, na mwalimu anamwambia jambo hilo "limeonekana". Akauliza limeonekana na nani. Hilo ni swali la sarufi, sarufi ninayolipwa kuifundisha, na mimi nikamjibu kwa namba ya ukurasa.

Tangu hapo nimemjibu mara nyingi. Jioni ileile, nikiwa nimebanwa dirishani kwenye daladala, nilimjibu vizuri kabisa: kwamba usomi unataka neno lisimame lenyewe hata aliyelisema akiondoka. Niliona ni jibu la maana. Jumatano nikichambua mchele nikaona halifai, kwa sababu mama yule akiondoka, nani atawasikiliza hao dagaa? Neno lake linasimama kwa sababu yeye yupo, mkono wake upo, sikio lake lipo. Halafu narudi kwenye ile "sawa". Ilikuwa fupi. Ni "sawa" ya mtoto aliyelelewa kutobishana na mkubwa, na mkubwa mwenyewe ameitumia kama mlango wa kutokea.

Baba Kulwa nilimweleza yote. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini si ndiyo sheria?"

Ndiyo. Na sheria zangu sikuziandika kwa ubaya, hilo nataka lieleweke. Mwaka 2017, muhula wangu wa kwanza kufundisha, nilipokea karatasi 19 zilizotoka steshenari moja, kosa lilelile la tahajia aya ya pili, na tatu kati yake zilikuwa bado na jina la mwenye kazi ya kwanza. Likizo ile nikakaa nikaandika ile kozi autilaini, karatasi ya mpango na sheria za kozi, mnayoisikia kila mwaka. Mahudhurio yasishuke asilimia 75. Ukichelewesha kazi, kila siku alama 2. Ukinakili ya mwenzako, sifuri kwa wote wawili. Vyanzo visipungue 3. Asaimenti na majaribio vinabeba 40, mtihani wa mwisho 60.

Nazitetea hadi leo. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili miaka 7, kisha akatumbukizwa kwenye Kiingereza cha sekondari ya kata, anahitaji kuonyeshwa mistari ya uwanja iko wapi. Sheria isiyoandikwa humwumiza yeye kwanza. Wenzake ambao wazazi wao walipita chuo walishaambiwa mezani, wakila. Yeye ataijua siku anaposapu, akirudia mtihani aliofeli. Mwaka juzi nilimsindikiza binti mmoja aliyedisko, aliyeondolewa chuo kwa kufeli, hadi geti, na begi lake, na nilijua nusu ya kilichomwangusha ni mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwambia. Kwa hiyo naandika kila kitu, na naandika kwa ukali.

Lakini kipengele cha 7 kimetoka wapi? Nimejiuliza wiki nzima. Vingine vyote naweza kukuonyesha kisa kilichovizaa. Hicho sikumbuki hata siku ya kukiandika. Kimetoka kwa mwalimu wangu, aliyenikatia "mimi" zangu mwaka wa kwanza kwa kalamu nyekundu vilevile, nikaamini kwamba ndio usomi wenyewe.

Na kabla ya mwalimu huyo alikuwapo baba. Marehemu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba, na alinifundisha kuandika barua kabla sijafika darasa la tano. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kijiji fulani, kata fulani. Alisema mtu hutaja jina lake na anapotoka, ndipo hueleza shida yake, ili anayesoma ajue anaongea na nani. Chuoni nikafundishwa kujitoa kwenye sentensi zangu mwenyewe, nikajitoa, nikafaulu, nami nikaanza kuwatoa wengine.

Kiswahili chenyewe hakikubali upesi. Lile "ni" la "niliona" limeshonwa ndani ya kitenzi; ukilitoa kinabaki "liona", na "liona" si neno. Kijana aliniambia baadaye kwamba aliandika kwanza kwa Kiswahili, kisha akageuza. Sasa nadhani ndiyo sababu swali lile lilimjia upesi. Kila kitenzi alichokijua tangu utotoni kina mwenyewe, na "imeonekana" ina kile "i" kisicho na mtu nyuma yake.

Halafu Alhamisi usiku nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani. Niliufungua ule mwongozo wa APA, wa uandishi wa kitaaluma na kutaja vyanzo, ninaowaagiza wanafunzi waufuate, toleo la 7, la 2019, nikatafuta mahali panapokataza "mimi". Hapapo. Pana kinyume chake: ukieleza kazi uliyoifanya wewe, tumia nafsi ya kwanza, usijiite "mwandishi" au "mtafiti" kana kwamba ni mtu mwingine. Nikasoma mara mbili. Nikaenda jikoni, nikarudi, nikasoma tena.

Nikaendelea hadi kwenye mambo yasiyochapishwa: mazungumzo, simu, barua. Yanaitwa mawasiliano binafsi. Hayaingii kwenye orodha ya marejeo nyuma, kwa sababu msomaji hawezi kuyafuata akayapata, lakini ndani ya insha unayataja, kwa herufi ya kwanza ya jina la msemaji, jina lake la ukoo na tarehe aliyosema. Maana yake yule mama ni chanzo. Kwenye orodha hayumo, na hilo bado linanichoma, lakini kwenye sentensi yumo, kwa jina lake la ukoo, mabanoni kama profesa yeyote.

Nilifurahi peke yangu saa 5 usiku hadi nikashangaa. Nilitamani kumpigia CR wao, kiongozi wa darasa, anitafutie namba ya kijana usiku uleule.

Ijumaa nikamwita baada ya kipindi. Safari hii nilimwambia akae. Nikamwambia nilimjibu vibaya Jumanne, kwamba swali lake lilikuwa sahihi na mimi sikuwa nimesoma. Hakuwa tayari kulisikia hilo. Aliinama kana kwamba kosa ni lake. Nikamwonyesha kwenye simu jinsi ya kumwandika mama yake, herufi ya jina, ukoo, tarehe. Akatoa kalamu, akaandika herufi, akaandika ukoo kwa mwandiko wa polepole, kisha kalamu ikasimama.

"Tarehe gani, Madamu?"

"Tarehe aliyokuambia."

"Madamu, aliniambia kila siku."

Sikuwa na ukurasa wa kumtuma. Tulikaa kimya wote wawili, nje watu wanavuta viti. Mwisho tukakubaliana atampigia jioni amwulize upya, na tarehe iwe ya leo. Saa 1 usiku akanitumia ujumbe: "Madamu nimempigia. Ameuliza kwani nimesahau. Halafu akaeleza yote tena, dakika kumi na nne, vocha ikaisha."

Nimeusoma ujumbe huo kwa mapacha. Kulwa ametaka kujua kama dagaa wetu wa jikoni nao wanaongea. Tumewachota, tumesikiliza. Wanalia.

Kwa hiyo Jumatatu nawatangazia wote. Kubadilisha autilaini katikati ya muhula kunahitaji sahihi ya idara, na idara kwa sasa haina mkuu, lakini alama nilizozikata kwa mkono wangu naweza kuzirudisha kwa mkono wangu. Nimepitia tena karatasi zote jioni hii. Waliokatwa kwa sababu ya kipengele cha 7 ni 103, kila mmoja alama 2. Nilikuwa nikitafuta "mimi" iliyokatwa, na nimeona ni wachache mno walioithubutu kwenye jambo la maana. Zilizobaki, nyingi ni karatasi laini, zimenyooka, zimetoka kwenye simu zao na hizi programu za akili unde, na humo ndani hakuna aliyeona kitu. Hao nao nilikuwa nimewapa 14 na 15, kwa kuwa hawakuvunja sheria. Hilo sijui nilifanyeje, na Jumatatu haitalimaliza.

Ningelala sasa, ila nyundo imeanza tena. Ni yule jirani wa huko juu mlimani niliyewaandikia habari zake mwezi uliopita, aliyekuwa akipasua kokoto pembeni ya njia. Amesogea. Jana alichoma matairi chini ya lile jiwe kubwa ili lipate nyufa, na mwenyekiti wa mtaa aliahidi kupanda akaongee naye, hajapanda. Mvua za vuli zimeshaanza, leo imenyesha tangu alasiri, na udongo ulioko chini ya jiwe ndio anaoufukua ili azungushe nyundo vizuri. Ko, ko, ko, kisha kimya, kisha kitu kinabingirika na kusimama mahali ambapo sipaoni. Kitanda cha mapacha kiko ukuta wa upande huo. Namwamsha baba yao tukihamishe sasa hivi.