Dalili ya Mvua, Hapa Dodoma

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya jiji la Dodoma, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika ubaoni nusu ya methali na kuwataka watoto waikamilishe. Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, katika jaribio la darasa la tano, niliandika "Dalili ya mvua ni" nikaacha nafasi, na mwanafunzi mmoja akajaza "mibuyu". Nilimwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, nikachukua daftari lililofuata. Kesho yake alinifuata ofisini, akaniamkia, akaliweka daftari mezani bila kunitazama usoni, kisha akasema: "Mwalimu, juzi si kulikuwa na mawingu mchana kutwa? Mbona haikunyesha?" Akaongeza kwamba babu yake, anayechunga mbuzi upande wa Bahi, huanza kusafisha shamba anapoona mibuyu imechipua, wala hashughuliki kutazama juu. Nilimwambia kwamba wahenga hawakosei, nikamrudisha darasani.

Tangu siku ile methali hiyo imenikaa kooni. Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote zikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na yeyote aliyekaa hapa mwezi wa Novemba anaujua mchezo wa mawingu yetu. Alasiri yanakusanyika hadi mchana unakuwa kama magharibi, upepo unavuma na vumbi lake, akina mama wanakimbia kuanua nguo na mtama uliooshwa ukaanikwa kwa ajili ya kupelekwa mashineni, na baada ya nusu saa anga limetakata kana kwamba hapakuwa na kitu. Nguo zinarudishwa kambani zikiwa na vumbi zaidi ya zilivyokuwa kabla ya kufuliwa. Aliyesema kwamba dalili ya mvua ni mawingu huenda alikuwa amekaa barazani mahali fulani pwani, ambako wingu likitoka baharini halina sababu ya kudanganya. Hata ile nyingine, kwamba aisifuye mvua imemnyea, hapa kwetu imepinduka, kwa maana hakuna anayeisifu mvua kwa sauti kubwa kama mtu ambaye haijamnyea.

Vivyo hivyo kwa "haraka haraka haina baraka". Mkulima wa ukanda huu, ambaye mvua ya kwanza inaweza kufuatwa na wiki tatu za jua kali, hana nafasi ya kutulia. Wengi hufyeka, huchoma masalia na kupanda bila kutifua, kilimo ambacho huku huitwa kuberega, na wapo wanaozitia mbegu ardhini ingali kavu ili tone la kwanza lizikute zikingoja. Ni kweli kwamba njia hiyo ina hasara zake, na mabwana shamba wamekuwa wakiipinga kwa sababu maji hayapenyi vizuri katika udongo ambao haukutifuliwa. Hata hivyo aliyeichagua aliichagua kwa kuhesabu siku. Jambo linalonichekesha ni kwamba Waarabu, ambao maneno yote mawili yalitoka kwao, wanao msemo usemao "al-haraka baraka", yaani katika kujongea mna baraka, kwa sababu kwao haraka ni mwendo tu. Sisi tuliyachukua maneno, tukayafunga pamoja, tukayapa maana iliyo karibu kinyume.

Lakini methali kutokuwa kweli mahali fulani si kosa kubwa. Hakuna msemo unaoweza kuwa kweli kila mahali, na rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, hunikumbusha kila tunapobishana kwamba methali si somo la sayansi. Nakubaliana naye. Kinachoniudhi ni kazi tunayoipa: kumnyamazisha mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza kusema jambo. Mimi nilimfanyia hivyo mtoto wa watu, na miezi michache baadaye nikashuhudia jambo hilohilo likifanywa kwa namna ambayo sijaisahau.

Kijana wa jirani yetu, dereva wa bodaboda, alifariki usiku katika barabara ya Morogoro baada ya kuligonga kwa nyuma lori lililoharibika na kuachwa njiani bila taa wala viakisi. Waliokuwa nalo walikata matawi mawili ya mti wakayatupa hatua chache nyuma ya gurudumu, kama inavyofanyika, wakaenda kulala. Siku ya tatu ya msiba alifika mtu kutoka upande wa mwenye lori. Alivua viatu, akachuchumaa kwenye ukingo wa mkeka waliokalia wanawake, akatoa bahasha ya rambirambi kwa mikono miwili na kusema kwa unyenyekevu kamili: "Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Mama wa marehemu hakuinua mkono kuipokea. Alikuwa ameshika ncha ya khanga yake, anaikunja na kuikunjua, akajibu bila kupandisha sauti: "Baba, lile lori hakuliegesha Mungu."

Pakawa kimya. Kisha mashangazi wawili wakamwinamia na kumnong'oneza asikufuru, mmoja akaipokea bahasha kwa niaba yake, na mgeni akaondoka akiwa ameheshimiwa.

Nimeyasikia maneno yale katika misiba mingi, na mimi mwenyewe nimeyatamka, kwa kuwa mbele ya kifo ulimi hutafuta kitu chochote cha kushika. Mtu aliyefiwa anapoyasema mwenyewe, akiwa amekwisha kulia, sina neno naye. Hiyo ni imani yake na ndiyo fimbo anayoiegemea. Lakini yanapotoka katika kinywa cha yule anayepaswa kueleza kwa nini lori halikuwa na viakisi, yanageuka kuwa kitu kingine kabisa. Mungu anasukumwa mbele ili asimame mahali ambapo dereva, fundi na tajiri wa lori walipaswa kusimama.

Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba misemo ya namna hiyo hutelemka tu, haipandi. Mwenye ofisi humwambia anayefuatilia faili kwamba subira huvuta heri, lakini sijawahi kumsikia mwananchi kwenye benchi akimjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, ingawa methali hiyo ipo, ni ya wahenga walewale, na anaijua vizuri. Anaimeza. Akiitoa ataonekana hana adabu na faili lake litazidi kukaa.

Mwenye nyumba wangu ni bingwa wa mambo haya. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na baada ya miongo minne ya kungoja, serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016. Watumishi walipofika kwa wingi, vyumba vikawa adimu, na mzee huyo alinipandishia kodi mara mbili katika kipindi cha miaka mitatu, kila mara akitabasamu na kuniambia: "Mwalimu, si unajua, mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilitaka kumwuliza mwenyeji ni nani katika hesabu hiyo, maana mimi nilizaliwa hapahapa, na kitovu changu kimezikwa umbali usiozidi kilomita kumi kutoka kwenye chumba anachonipangisha. Sikumwuliza. Nilimshukuru, kwa vile ananizidi umri na pia kwa sababu sikuwa na pa kuhamia.

"Haba na haba hujaza kibaba" ningeliiacha ipite, kwa kuwa kama hesabu haina kasoro. Tatizo ni kibaba cha nani. Wazazi wengi wa wanafunzi wangu ni wakulima, na anayekuja kununua mazao shambani huja na magunia yake, akayajaza hadi mdomoni, akayashonea kilemba cha kamba juu yake na kuongeza madebe mengine ndani ya kilemba hicho. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza na ambayo hata hivyo nimeiona mwaka huu kwa macho yangu ikipakiwa kwenye fuso. Mzee mmoja aliyekuwa akipakiza alizeti alihesabu debe moja moja kwa vidole, akafika sita, akaona la saba linaingia, akafungua kinywa, na mnunuzi akamwahi: "Mzee wangu, haba na haba." Watu wakacheka, na mzee naye akacheka. Debe la saba likaingia.

Kwenye mahafali ya darasa la saba kila mgeni rasmi husema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, na siku hizi vijana hujibu chinichini kwamba vitasa vimekwisha badilishwa. Hilo nimelizoea. Ninachokishangaa zaidi ni "penye nia pana njia", inavyotamkwa bila wasiwasi wowote ndani ya mkoa huu wenye Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa na nia ambayo sijui kama imewahi kuonekana tena katika nchi hii. Walitaka karanga za kukamulia mafuta, kwa kuwa nchi yao ilikuwa na uhaba baada ya vita, na walipanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Walileta matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikawashinda kung'oa, udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu na kuvunja majembe yao, mvua ikawanyima, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Nia ilikuwapo, fedha ilikuwapo, na njia haikupatikana. Mtoto wa mkulima anayeambiwa msemo huu na kisha kukosa fedha ya kuendelea na masomo hujifunza jambo moja tu, kwamba huenda nia yake haikutosha, na huo ni mzigo mzito kumtwisha mtoto ambaye kikwazo chake kilikuwa ni alizeti iliyonyauka.

Sijitoi katika lawama. Kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa kazi yangu nilishika fimbo mkono mmoja na "samaki mkunje angali mbichi" mkono wa pili, na kila mzazi aliyekuja kulalamika nilimpa methali hiyo kabla hajamaliza sentensi yake. Nilipata sifa ya mwalimu mkali. Sikumbuki hata mzazi mmoja aliyenijibu kwamba mtoto wake si samaki, ijapokuwa jibu hilo lilikuwa rahisi kulipata. Nadhani walilipata, wakalinyamazia kama mimi ninavyomnyamazia mwenye nyumba.

Siku hizi, ninapofundisha methali, huwa ninauliza swali la nyongeza: nani anamwambia nani, na huyo anayeambiwa alikuwa anataka kusema nini? Watoto hulifurahia. Msichana mmoja alisema kwamba "mvumilivu hula mbivu" huwa anaambiwa na kaka yake, ambaye wakati huo yuko juu ya mwembe. Lakini mtihani wa taifa hauulizi hivyo, nami sina ruhusa ya kubadilisha majibu yake.

Yule mtoto wa mibuyu sasa yuko darasa la saba na atafanya mtihani mwezi wa Septemba. Wiki iliyopita, katika mazoezi ya jioni, nilimwita pembeni nikamwambia kwamba lile jibu lake la darasa la tano nililikosea mimi, na kwamba babu yake yuko sahihi. Alinisikiliza kwa heshima. Nikamwuliza, swali lile likija tena, atajaza nini.

"Mawingu, mwalimu," alisema upesi, akitazama viatu vyangu. "Ndilo jibu."