Tutawahi kuzika?

Kwa mtu wa Mbeya anayeishi London, hesabu ya kilomita ni hesabu ya misiba. Simu ya nyumbani ikiita usiku wa manane, kabla hata hujalia unajiuliza: nitawahi kuzika?

Mwaka 2011 sikuwahi. London hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500. Ukipitia Dubai, kama nilivyopita mimi, zinakaribia 9,500: saa 7 hivi angani, unasubiri, halafu nyingine 5 na nusu. Nilitua Dar mchana. Zilibaki kilomita zaidi ya 800 za barabara, na hizo ndizo zilizonishinda. Mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku, na uwanja wa zamani wa Mbeya, ule uliobanwa na nyumba za watu, ulikuwa wa ndege ndogo tu. Nililala Dar na viatu miguuni. Alfajiri stendi ya Ubungo, kisha Mikumi, Kitonga basi likijikokota nyuma ya malori ya Zambia, Mafinga, Makambako, Igawa. Nilishuka Uyole usiku, baridi inauma. Kaka alikuwa amenisubiri na koti la baba mkononi, akanivika bila kusema neno. Baba alishazikwa jana yake. Nilionyeshwa kaburi kwa tochi.

"Tulikusubiri mwanangu, mpaka jua likaanza kushuka," mama aliniambia. Wazee hawakuwa na la kufanya.

Uwanja mpya wa ndege wa Songwe, nje kidogo ya Mbeya, ulifunguliwa Desemba 2012. Wapo wanaouona kama anasa ya wenye pesa. Mimi siwezi kuuona hivyo. Safari hii nimerudi kwa ndege hadi Songwe, na kipande kile cha mwisho, ambacho angani hakifiki kilomita 700, kimenichukua saa moja na ushee. Mlango wa ndege ulipofunguliwa nilipokewa na upepo ule mkavu wa nyumbani. Kutoka hapo ni kilomita 20 na kitu kwa barabara ya Tunduma: Mbalizi, Iyunga, Mafiati, umefika mjini. Shangazi alikuwa ameshachemsha viazi.

Wenzangu mlioko nje, nawaomba jambo moja. Mkiweka akiba ya nauli ya dharura, msiishie Dar. Tengeni na ya Songwe, kando kabisa, maana tiketi ya kukata leo kusafiri leo huwa ghali na nafasi huwahi kujaa. Na kama tiketi mbili hizo hazijaunganishwa, acheni saa za kutosha katikati: mtachukua mizigo wenyewe na kuisajili upya. Ndege ikikosekana, msilale Dar kama mimi. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tangu Oktoba 2023, ila stendi siyo Ubungo tena. Mwambieni dereva wa teksi awapeleke Mbezi Louis.