Kuondoa gari la gia za mkono mlimani

Gari likirudi nyuma mlimani, watu husema dereva ana miguu mizito. Mimi sioni hivyo. Mara nyingi miguu ilikuwa na haraka mno: breki imeachiwa kabla injini haijaubeba uzito, mguu wa kulia ukakimbilia mafuta, wa kushoto ukaruka juu, na gari likazima. Mlima hautaki kasi ya miguu, unataka mpangilio. Mafuta yaje kwanza, klachi ishike, breki iachiwe mwisho. Ni kama watu wawili wanaopokezana gunia la mahindi: wa kwanza haachii mpaka ahisi kwamba mwenzake ameshika.

Na uzito wenyewe si mchezo. Chukua gari la kilo 1,200. Kwenye barabara inayopanda mita 10 kwa kila mita 100, linavutwa nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 120 hivi. Kwenye rampu inayopanda mita 20 kwa 100, nguvu hiyo inafika karibu kilo 235. Jaza abiria na mizigo, hesabu inapanda zaidi. Injini ambayo mguu haujagusa mafuta huzunguka mara 700 hadi 800 kwa dakika, na kwa mzunguko huo nguvu yake ni ndogo. Ukiitwika mzigo wote kwa mkupuo, inazima. Ndiyo maana mlimani mafuta huja kabla breki haijaachiwa, tofauti na barabara tambarare ambako magari mengi huondoka kwa klachi peke yake.

Sisi wa Nairobi tuna jambo la ziada ambalo walimu wengi wa udereva hawalitaji. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, huvuta hewa pungufu, inachoma mafuta pungufu, inatoa nguvu pungufu. Dereva aliyezoea kupanda Nyali kwa mizunguko 1,300 atashangaa gari lilelile likimzimia hapa, kisha aanze kumlaumu fundi. Gari ni zima. Aongeze mafuta kidogo, na akifika Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,000, aongeze tena. Injini yenye turbo haiumizwi sana na urefu huu, ila turbo haijaanza kusukuma wakati gari linaondoka, kwa hiyo ule mwanzo kabisa nayo huwa dhaifu.

Kabla ya hatua, nieleze kinachotokea chini ya mguu wa kushoto, kwa sababu anayekielewa hahitaji kukariri. Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka pamoja na injini. Presha pleti imefungwa juu yake, na katikati yao imebanwa klachi pleti, ambayo ndiyo inayopeleka mzunguko kwenye giaboksi. Ukikanyaga klachi hadi chini, bering inasukuma vidole vya spring ya presha pleti, mbano unalegea, na klachi pleti inabaki huru. Ukiinua mguu, mbano unarudi. Lakini haurudi sawasawa katika safari yote ya pedali. Sehemu ya kwanza haina kitu, ya mwisho haina kitu, na katikati kuna sentimita mbili au tatu ambamo pleti inashika huku bado inateleza. Kazi yote ya mlima iko ndani ya sentimita hizo.

Kwa hiyo kaa vizuri kwanza. Kiti kiwe karibu kiasi kwamba klachi ikifika chini goti lako bado limekunjika kidogo. Kisigino cha kushoto kikae sakafuni ikiwezekana, mguu upande na kushuka kwa kifundo, kwa sababu mguu unaoning'inia hewani hauwezi kutulia kwenye sentimita mbili. Viatu viwe vya soli nyembamba. Ndara hazifai, na gambuti zenye matope ni mbaya zaidi maana huteleza kwenye pedali bila taarifa.

Gari limesimama, breki ya mguu imekanyagwa. Vuta breki ya mkono mpaka ishike kweli, kisha legeza mguu taratibu uhakikishe gari halisogei. Kanyaga klachi yote, tia gia ya kwanza. Kanyaga mafuta kidogo hadi mshale wa mizunguko ufike 1,500 na ubaki hapo. Kama gari limejaa au mlima ni mkali, nenda 1,800 au 2,000. Pikapu ya dizeli huridhika na 1,200 hadi 1,400. Sasa inua klachi polepole, usikilize. Mlio wa injini utashuka ghafla na kuwa mzito, mshale utapungua kwa 100 au 200, boneti itainuka kidogo na bodi itajikaza dhidi ya breki ya mkono. Hapo ndipo klachi imeshika. Simamisha mguu wa kushoto palepale.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakishahisi gari limejikaza wanaona kazi imekwisha, mguu wa kushoto unaendelea kupanda wenyewe, na gari linazima breki ikiwa bado juu. Mguu ukae. Tazama vioo, tazama ubavuni, kwa sababu bodaboda hupenyeza mahali ambapo sekunde moja iliyopita hapakuwa na mtu. Kisha bonyeza kitufe, shusha breki ya mkono yote. Ikiwa klachi imeshika ipasavyo, gari litasimama tuli au litaanza kutambaa mbele. Likirudi nyuma hata kidogo, vuta breki ya mkono tena, usijaribu kulikimbiza kwa mafuta. Likitambaa, ongeza mafuta kidogo na uinue klachi taratibu kwa mita mbili tatu za kwanza mpaka pedali iwe juu kabisa. Mguu utoke kwenye klachi, usiachwe ukiegemea juu yake.

Magari mapya yana msaada wa mlimani unaoshikilia breki kwa sekunde mbili hivi baada ya mguu kuondoka. Ni kitu kizuri, lakini sekunde mbili ni chache kwa mtu ambaye bado anatafuta klachi ilipo.

Kuna njia ya pili isiyotumia breki ya mkono, na madereva wa matatu huitumia kutwa. Mguu wa kulia uko kwenye breki, wa kushoto unapanda mpaka mlio ubadilike na bodi ijikaze, unasimama hapo. Kisha mguu wa kulia unahama kutoka breki kwenda mafuta bila papara, maana gari limeshikwa na klachi kwa muda huo mfupi. Inafanya kazi kwenye milima ya wastani na kwenye magari ya sindano za kielektroniki, yaani yanayopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta, kwa sababu kompyuta ikiona mizunguko inashuka huongeza hewa na mafuta yenyewe. Gari la zamani la kabureta halina huruma hiyo. Na kwenye rampu kali, sipendekezi njia hii kwa mtu yeyote ambaye hajaizoea kwa muda mrefu.

Mwalimu anayemruhusu mwanafunzi kulishikilia gari mlimani kwa klachi na mafuta, bila breki yoyote, anamfundisha kuharibu. Linaonekana kama ustadi: gari linaning'inia pale, haliendi wala halirudi. Lakini flaiwili inazunguka mara 1,500 kwa dakika na klachi pleti imesimama, na nguvu yote inayotoka kwenye injini inageuka joto katikati yao. Sekunde mbili tatu za kuondoka kwa kawaida pleti inazivumilia. Dakika nzima inaipika. Harufu kali ya kuungua inaingia ndani ya gari, uso wa pleti unakuwa mgumu na kung'aa, na tangu hapo hautashika tena kama zamani.

Fikiria Valley Road jioni, ukitoka mjini kuelekea Ngong Road, magari yamebanana na yanasogea mita mbili kwa wakati. Kila msogeo ni kuondoka upya mlimani, na kila kuondoka kunakula pleti. Ushauri wangu ni kutofuata kila pengo. Vuta breki ya mkono, toa gia, acha klachi, pumzisha mguu, subiri nafasi ya magari mawili ifunguke, ndipo uondoke mara moja. Wa nyuma atapiga honi. Apige. Yeye hatanunua klachi yako. Na mbele yako acha nafasi kubwa kuliko ya tambarare: ukiona matairi ya nyuma ya gari la mbele yanagusa lami, hiyo ni nafasi ya chini kabisa, na nyuma ya lori ongeza urefu wa gari zima, kwa sababu lori lililobeba linaweza kurudi kabla halijapanda.

Likizima, mpangilio ni mmoja: breki ya mguu kwanza, kwa nguvu na bila kuachia, kisha breki ya mkono, kisha klachi chini, kisha washa. Usiipige breki mara kwa mara injini ikiwa imezima. Ile akiba ya mvuto wa hewa inayosaidia breki inatosha mikanyago michache tu, ikiisha pedali inakuwa ngumu kama mti umeota chini yake, na usukani wenye msaada nao unakuwa mzito. Usiwashe ukiwa umeshaachia breki kwa matumaini kwamba utawahi.

Gari likitetemeka wakati wa kuondoka ingawa mguu umetulia, hapo tatizo si dereva. Huenda klachi pleti imelowa oili iliyovuja kwenye sili ya nyuma ya kranki (mhimili mkuu wa injini), au imeungua, au mpira unaoshikilia injini umekatika. Pedali ikianza kushika karibu na sakafu na gia zikawa ngumu kuingia, kwenye klachi ya haidroliki shuku hewa au uvujaji kwenye mfumo. Ikiwa ni ya kebo, huenda kebo imelegea. Na mizunguko ikipanda wakati gari haliongezi mwendo, pleti imekwisha. Unaweza kuthibitisha: mahali tambarare pasipo mtu mbele, vuta breki ya mkono, kanyaga ya mguu, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, achia klachi. Injini ikizima mara moja, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma, tafuta pesa. Fanya mara moja tu, maana kipimo chenyewe kinaunguza.

Breki ya mkono nayo ipimwe kabla ya kuiamini mlimani. Kwenye magari mengi inatakiwa kushika baada ya milio minne hadi saba ya "tik" unapoivuta. Ikifika tisa au kumi, kebo imenyooka au viatu vya breki vimeisha, na fundi aangalie magurudumu ya nyuma kwanza badala ya kukaza nati tu. Huko nyuma ndiko inakofanyia kazi.

Msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, unaleta shida nyingine kwenye njia za udongo. Gari linapopanda, uzito huegemea nyuma. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele, kama magari mengi madogo tunayoendesha, matairi ya kuvuta yanabaki mepesi na yanazunguka bure kwenye tope. Mafuta mengi yanachimba shimo. Punguza hadi 1,200, inua klachi polepole zaidi, na usukani uwe umenyooka, kwa sababu tairi lililokunjwa linashika vibaya zaidi. Pikapu inayosukuma kwa nyuma ina nafuu, hasa ikiwa na mzigo juu ya ekseli.

Parkingi za chini ya majengo ndizo ninazoziona ngumu kuliko barabara yoyote. Kizuizi cha kutokea mara nyingi kiko karibu na kichwa cha rampu, unasimama katika mpando mkali, unanyoosha mkono kuingiza tiketi, na ukuta uko kila upande. Usinyooshe mkono mguu ukiwa umeshikilia klachi. Breki ya mkono juu, gia nje, tiketi, kizuizi kiinuke hadi mwisho, ndipo uanze hatua zako upya tangu ya kwanza. Na kama bado unajifunza, lipia tiketi mapema ndani ili kule juu usihangaikie mambo mawili.

Siku klachi itakapobadilishwa, nunua pleti, presha pleti na bering pamoja, kwa sababu gharama kubwa ni kushusha giaboksi, na hutaki kuishusha tena kwa ajili ya bering. Flaiwili ikaguliwe. Ikiwa na michirizi au madoa ya buluu ya joto, isawazishwe kwa mashine. Kisha kabla ya kurudi Valley Road, zunguka mahali tambarare kwanza, kwa kuwa klachi mpya hushika mahali tofauti na ile mguu wako uliyoizoea, na kwa kilomita mia chache za mwanzo ondoka kwa upole, bila mizigo mizito wala rampu kali, mpaka nyuso zake zikubaliane.