Nilivyoacha Kulaumu Visu

Mwezi wa kwanza nilinoa visu vya krasha, mashine yangu ya kusaga plastiki, mara sita, na bado jerikeni zilinishinda. Kazi yangu iko Kariobangi, Nairobi, na plastiki nainunua kwa kilo kutoka kwa waokotaji wa jalala la Dandora. Asubuhi chenga zilitoka safi. Ikikaribia saa sita mashine inaguna, inavuta, kisha inanyamaza. Ukiifungua, jerikeni imekuwa ugali ulioganda kwenye chekeche, lile bamba la matundu chini ya visu.

Nikajiambia ni baridi ya asubuhi inayosaidia. Fundi wangu alicheka sana. "Mkubwa, jerikeni hata uitie kwenye friza haipasuki. Kilichopata moto ni tumbo la mashine."

Plastiki ya jerikeni huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na hulainika mapema zaidi. Chekeche langu lilikuwa la matundu ya milimita 6, kwa hiyo kila kipande kilizungushwa na kukatwa tena na tena hadi kikachemka. Tukaweka la milimita 10, tukasogeza visu vikaribiane, nikafunga bomba la maji ya kudondoka. Kijana anayelisha mashine nikamkataza kuujaza mdomo wa mashine hadi pomoni. Mkwamo ukaisha.

Viti vya plastiki vilikuwa na kesi tofauti. Vile vilivyokaa juani miaka, vikapauka hadi vinaacha unga mweupe mkononi, vilisagika kirahisi mno. Nilifurahi, mpaka mteja wangu anayetengeneza hanga akanirudishia gunia. "Vumbi lako linaungua kwenye mashine yangu. Hanga zinatoka na madoa meusi." Jua lilikuwa limekatakata minyororo ya molekuli inayoishika plastiki ile; kisu kinagusa tu, inakuwa unga.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchunguza mipasuko. Angalia beseni: ufa huanzia kwenye kitovu, ile nukta ya katikati ambapo plastiki iliingia kwenye kalibu, na kukimbilia ukingoni, kwa sababu minyororo ililala upande ule ule wa mtiririko. Na mabonge ya plastiki iliyoyeyushwa kiwandani, yaliyopoa polepole sakafuni, hupasuka kwa nyundo, wakati kikopo chembamba cha plastiki hiyo hiyo, kilichopozwa haraka, hujikunja tu.

Kwa hiyo sipangi tena plastiki kwa aina peke yake. Kabla ya kupima kilo, napinda kipande. Kikikatika kwa mlio mkavu, kinaingia gunia la pembeni, na bei naishusha hapo hapo. Waokotaji wananinunia.